Kumbukumbu ya Peugeot 504: silinda hedi iliyoliwa na maji hatimaye imeshika

Silinda hedi ya Peugeot 504 yangu, yaani kile kifuniko cha alumini kinachokaa juu ya bloku ya injini, imekaa ndani ya maji ya moto kwa nusu saa nzima, njia zake za maji zikiwa zimezibwa na kujazwa upepo wa bar 2, na haikutoa povu hata moja. Aliyewahi kupambana na alumini iliyoliwa ataelewa kwa nini naanza na habari hiyo. Kwa wengine itoshe kusema kwamba ni gari la familia, lile lenye safu tatu za viti, lenye injini ya XN1 ya sentimita za ujazo 1971, na kwamba limeishi miaka yake yote hapa Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi.

Sifa ya 504 ilijengwa kwenye barabara mbovu. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa ile ya milango miwili (coupé) yenye injini ya V6. Kweli, springi na difu za gari langu hazijawahi kunipa kazi ya maana. Adui wake ni maji yanayotiwa kwenye rejeta.

Kazi ya kufungua hedi bila kuzinyanyua slivu, ile mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, naiacha, kwa kuwa kila mwenye injini ya slivu za maji anaijua na ana njia yake. Nilichokikuta chini ya gasketi, kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, ndicho kilichonikalisha chini. Tundu la maji lililo jirani na silinda ya tatu, ambalo lilipaswa kuwa na ukingo safi, lilikuwa limepanuka kuelekea kwenye chemba ya mwako hadi likaingia chini ya pete ya moto ya gasketi, ile inayozuia moto wa silinda usitoke. Sehemu ya alumini iliyobaki ikishika pete hiyo haikuzidi upana wa milimita 2. Nilipoukwaruza ukingo kwa ncha ya bisibisi, ulimomonyoka ukawa unga mweupe, na ncha ikazama bila nguvu yoyote mpaka ilipogota kwenye alumini nzima.

Chanzo chake si fumbo. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, rejeta ni ya shaba iliyounganishwa kwa risasi na bati, na vyote vinaoga maji yale yale. Maji yakiwa na chumvi hupitisha umeme, na hapo alumini, iliyo dhaifu kuliko wenzake katika mpangilio wa metali, ndiyo inayotolewa kafara. Kwa kawaida alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksaidi, lakini kloridi huutoboa utando huo, na chembe za shaba zinazotoka kwenye rejeta zikitua juu ya alumini huanzisha vishimo vipya. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chumvi na chokaa kwa pamoja: chumvi inakula hedi, chokaa inaganda kwenye njia za maji na kuzuia joto lisitoke. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alilinywesha maji hayo kwa miaka, na alipouliza kuhusu kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, aliambiwa kwamba hiyo ni dawa ya nchi za barafu. Hoja hiyo bado naisikia katika gereji nyingi, na haina mguu wa kusimamia. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huchemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100, na ndani yake mna viambato vya kuzuia kuliwa kwa metali. Viambato hivyo ndivyo tunavyovihitaji sisi watu wa pwani, hata kama hatutaona barafu maishani.

Nilizunguka kutafuta hedi nyingine. Zile kuukuu nilizoonyeshwa zilikuwa zimeliwa mahali pale pale, baadhi zikiwa zimepakwa gundi ya chuma na kuskimiwa (kukwanguliwa uso uwe bapa) juu yake ili zionekane nzima. Sina ugomvi na gundi ya chuma inapotumika mbali na moto, kwa mfano kwenye uso wa kifuniko cha thamostati. Kuitumia chini ya pete ya moto ya gasketi, mahali ambapo mgandamizo na joto vinabadilika katika kila mzunguko wa injini, ni kuahirisha matatizo tu. Nikaamua kujaza kwa kuchomelea kwa argoni, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Mara ya kwanza kijana wa argoni alipowasha moto, alumini haikuyeyuka vizuri. Ilichemka. Dimbwi la metali lilipata ukoko mweusi, likatoa mapovu, na lilipopoa likaacha uso uliojaa vitundu. Akasaga, akarudia, vikatokea vitundu vingine kando ya vile vya kwanza. Tulibadilisha waya wa kujazia, kutoka ule wenye silikoni asilimia 5 kwenda ule wenye asilimia 12 ambao hutiririka kwa urahisi zaidi, lakini hali ilibaki ile ile. Kijana akazima mashine, akavua miwani na kuniambia: “Mzee wangu, hii hedi imekunywa oili. Hata nikichoma mpaka kesho itatema.”

Maneno yake yalikuwa sahihi. Alumini ya kusubu ina vinyweleo, na kwa miongo kadhaa oili, maji na uchafu wa kila aina vimejipenyeza humo. Kusugua juu kwa brashi ya waya na kufuta kwa asetoni kunasafisha kinachoonekana tu. Moto wa argoni unapofika, kilicho ndani kinageuka gesi na kutafuta njia ya kutokea katikati ya metali iliyoyeyuka. Isitoshe, utando wa oksaidi wa alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2000 ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660, ndiyo maana mashine huwekwa kwenye umeme wa AC ili uuvunje utando huo. Umeme wa AC, hata hivyo, hauna dawa ya oili iliyomo ndani.

Hapa niseme neno kuhusu vifaa, kwa sababu nusu ya vitundu vyetu tulijiletea kwa mkono. Jiwe la grinda lisikaribishwe kwenye alumini inayosubiri kuchomelewa. Linaziba upesi, kisha linapachika chembe zake ndani ya metali laini. Kinachofaa ni biti ya kabaidi yenye meno mapana ya alumini, ikitumika kavu kabisa. Wengi huipaka mafuta ya taa isizibe, jambo ambalo ni sawa kwa kazi nyingine, lakini hapa ni kurudisha uchafu tuliokuwa tunauondoa. Kifaa kingine ninachokilaumu ni kipimajoto cha miale, kile cha bastola. Juu ya alumini inayong’aa kinasoma pungufu mno, kwa kuwa uso unaong’aa hautoi miale ya kutosha. Nilisoma nyuzi 70 mahali ambapo tone la maji lilikuwa linarukaruka na kukauka papo hapo. Nilipolipaka eneo dogo masizi ya mshumaa na kupima juu ya weusi huo, kikasema 160. Kifaa si kibovu, ila anayekinunua haambiwi habari hiyo.

Suluhisho lilipatikana katika karakana inayopaka vyuma rangi ya unga, kwa sababu wao wana tanuri kubwa linalofikia nyuzi 200 na joto lake halipandi na kushuka ovyo. Hofu yangu ilikuwa viti vya valvu, zile pete za chuma zilizobanwa ndani ya hedi ambazo valvu hukalia. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma, na kwa kiti cha kipenyo cha milimita 40 tofauti ya utanukaji kwenye nyuzi 200 inakaribia milimita 0.08, kiasi ambacho kinaweza kumaliza kabisa ule mbano unaokishikilia kiti. Kwa hiyo hedi iliingia tanurini ikiwa imelazwa chali, chemba za mwako zikitazama juu, ili kiti kikilegea kibaki palepale kwa uzito wake. Ilipotoka baada ya saa kadhaa, kando ya lile tundu palikuwa na madoa ya kahawia yaliyotokeza yenyewe, yakiwa bado yanateleza kidoleni, ilhali nilikuwa nimeiosha mpaka ikang’aa. Tuliyafuta, tukairudisha, na kuendelea hivyo mpaka uso ukatoka mkavu.

Baada ya hapo tulikata zaidi kuliko tulivyopenda. Kila penye rangi ya kijivu tulipafuata kwa biti mpaka tukafika kwenye alumini nyeupe, na shimo likawa kubwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kijana akaipasha hedi moto hadi nyuzi 180 hivi, akapitisha tabaka la kwanza la waya ambalo tangu mwanzo tulikusudia kulisaga lote, kwa maana kazi yake ni kuvuta uchafu uliosalia. Tabaka la pili lilitulia. Dimbwi liling’aa kama zebaki, na nilimsikia akiguna kwa kuridhika nyuma ya ngao yake. Hedi tuliifunika mchanga mkavu usiku kucha ipoe polepole.

Kuchomelea kuliipinda, kama nilivyotarajia. Rula ya chuma na fila geji, yale majani membamba ya kupimia mwanya, zilionyesha mwinamo wa milimita 0.2 katikati. Fundi wa kuskimu aliondoa kiasi kidogo kilichowezekana, na sasa jani la milimita 0.05 haliingii popote. Wapo wanaosawazisha hedi kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo. Mimi njia hiyo naiheshimu kwa vifuniko vidogo, lakini kwa hedi ya silinda nne mkono wa mtu hulemea pembeni bila mwenyewe kujua.

Jaribio la kwanza la upepo lilinivunja moyo. Kamba ya mapovu madogo kuliko punje ya mtama ilipanda kutoka ndani ya weldi, kwenye ukuta wa tundu la maji, mahali ambapo jicho lisingeona kitu. Tulitoboa hapo kwa keni ya milimita 3 mpaka mwisho wa kitundu, tukajaza upya kwa moto mdogo, tukasawazisha. Jaribio lililofuata ndilo nililolianza nalo.

Kwa mpango wangu, hatua inayofuata ilikuwa kufungua kabureta na kubadilisha jeti zake, vile vitundu vinavyopima petroli. Sikuifanya, kwa sababu nilipokuwa nikirudisha waya za betri nilikumbuka kupima umeme unaopotelea kwenye maji. Ncha moja ya mita niliiweka kwenye hasi ya betri, nyingine nikaichovya kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Kila kitu kikiwa kimezimwa mita ilisoma volti 0.12. Nilipowasha taa na feni ikaruka hadi 0.46, ikimaanisha kwamba umeme wa taa ulikuwa unatafuta njia ya kurudi nyumbani kupitia kwenye maji. Waya wa ethi kati ya injini na bodi ulikuwa mzima kwa nje, lakini nilipoukunja ukatoa unga wa kijani. Nimeweka mpya, mnene, na kusugua chuma chini ya bolti zake. Sasa taa zikiwashwa mita haitikisiki.

Jambo hilo likazaa jingine. Meli hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala ya chuma, na mitungi ya kuchemshia maji ina fimbo za magnesi kwa sababu hiyo hiyo, hivyo nilijiuliza kama rejeta yangu nayo isingefaa kupewa kafara yake. Zinki niliiacha mapema, kwa sababu katika maji yasiyo ya chumvi yaliyopashwa hadi zaidi ya nyuzi 60 inaweza kugeuka na kuacha kukilinda chuma. Nikapanga mitungi ya kioo, kila mmoja na kipande cha alumini na cha chuma vilivyounganishwa kwa waya: wa kwanza maji ya kisima matupu, wa pili kulanti, wa tatu kulanti pamoja na kipande cha magnesi. Maji ya kisima yaligeuka rangi ya chai, na alumini ikaota utelezi mweupe unaofanana na ule nilioukuta kwenye hedi. Mtungi wa kulanti tupu umebaki angavu. Ule wenye magnesi unatoa vipovu vya haidrojeni mfululizo na chini yake mna masimbi, kitu ambacho sitaki kabisa kikizunguka ndani ya pampu ya maji. Magnesi haitaingia garini.

Injini imeunganishwa kwa gasketi mpya na bolti mpya za hedi zilizokazwa kwa hatua kwa toki renchi. Nimelipandisha gari mlima wa Mazeras nyuma ya malori, mchana wa jua kali, vioo vikiwa wazi, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Kiwango cha kulanti hakijashuka, na oili haina rangi ya maziwa, yaani haijachanganyika na maji. Nikishatembea kilomita za kutosha nitazikaza tena bolti hizo injini ikiwa imepoa, kisha nitamwaga kiasi kidogo cha kulanti nikilinganishe na kile cha mtungi wa pili. Jeti za kabureta bado zimo ndani ya boksi lake, na gari linaendelea kukohoa asubuhi.