Theluji juu ya Mchanga wa Aïn Séfra

Mama wa rafiki yangu ndiye aliyetuamsha, Jumapili ya tarehe 7 Januari 2018, kabla jua halijachomoza. Alifungua mlango, akasema nje kuna theluji, akaondoka zake kuwaamsha wengine kana kwamba ametangaza chai iko tayari.

Miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi nchini Algeria, na likizo ile nilikuwa nimekaribishwa kwao Aïn Séfra, magharibi mwa nchi, pale milima ya Atlas inapoishia na Sahara inapoanzia. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Upande wa kusini, kati ya nyumba na mlima Mekter, yamelala matuta ya mchanga wa rangi ya chungwa, na hakuna mwenye kamera anayepita hapo asiyapige jua linapozama. Nami nilikuwa nimeyapiga jioni iliyotangulia. Picha nzuri, za kawaida, zisizo na habari.

Wengi hudhani ajabu ya theluji jangwani ni baridi. Baridi si ngeni huko. Usiku wa Januari maji yaliyosahaulika uani huweza kuganda bila mtu kushangaa. Kinachokosekana ni unyevu. Safari hii hewa baridi ilikuwa imeteremka kutoka kaskazini hadi kusini kuliko kawaida yake, ikaja na unyevu wa kutosha, na miinuko ya huko ikamalizia kazi. Baba mwenye nyumba aliikumbuka theluji ya Februari 1979, iliyopita upesi. Kisha ilikuja ya Desemba 2016, ambayo picha zake zilisambaa duniani kote, na sasa hii. Alitusimulia hayo akivaa joho lake la sufu lenye kofia, huku sisi tukitafuta viatu gizani.

Tulipofika chini ya matuta, watoto walikwisha tutangulia. Walikuwa wakiteleza kwa mabeseni na vipande vya nailoni, na kila walipopita theluji ilifunguka na mchanga ukachungulia. Hapo ndipo nilipoona tatizo la nyayo. Kwenye mchanga mtupu upepo hukufutia makosa yako kufikia kesho yake. Kwenye theluji, hatua moja mahali pabaya na tuta zima limeharibika, tena hakuna theluji nyingine ya kungojea. Basi tulizunguka kwa chini, upande wa kivuli, mpaka tukafika kwenye tuta ambalo hakuna aliyelikanyaga.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho kina kasoro yake. Hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo ukikiachia kiamue, weupe wote hutoka kama saruji iliyolowa. Niliongeza mwanga kwa hatua moja, kisha karibu mbili, nikiangalia skrini kila baada ya picha, maana theluji iliyoungua kwa mwanga hairudishiki hata kwa programu gani. Betri ya pili niliiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ile iliyokuwa kwenye kamera ilipolegea kwa baridi, nilizibadilisha, na ya kwanza ikafufuka ndani ya koti.

Nilipiga picha nyingi asubuhi ile, na kusema kweli hazikunifurahisha. Nyeupe juu, nyeupe chini, mawingu ya kijivu. Ungemwonyesha mtu ungelazimika kumwapia kwamba hapa ni Sahara; angeweza kudhani ni mlima wowote wa Ulaya. Mwenzangu hakuliona hilo. Kwake uzuri ulikuwa ule weupe usioguswa, na jua lilipotoboa mawingu na miteremko iliyolielekea ikaanza kuyeyuka, alikunja uso.

"Inaharibika. Twende nyumbani."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," nikamwambia.

Alingoja, kwa kununa. Upande uliopigwa na jua theluji ilikuwa ikikatika vipande vipande na mchanga ukitokeza, umelowa, rangi yake imekolea kuliko jana. Upande wa pili weupe ulibaki mzima. Kati yao ukajichora mstari mmoja mkali juu ya ukingo wa tuta, ukipinda kufuata upepo ulivyouchonga mchanga siku zote. Vivuli vya theluji vilikuwa vya samawati, na samawati kando ya chungwa ni rangi mbili zinazochocheana. Mwanga ulitoka ubavuni, kila kiwimbi cha mchanga kikaonekana. Nilipiga magoti nikafanya kazi mpaka vidole vikakataa.

Tuliporudi niliifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuvuka mlango, ili mvuke wa ndani ugeuke matone kwenye mfuko na si kwenye lenzi. Mama alilalamikia viatu vyetu. Kufikia jioni sehemu kubwa ilikuwa imekwisha.

Siku zilizofuata nilisoma mahali kadhaa kwamba "Sahara imefunikwa na theluji", nikaudhika. Sahara ina kilomita za mraba zipatazo milioni 9. Kilichofunikwa ni miinuko ya ukingoni mwake, kwa saa chache, na kwa maoni yangu hiyo inatosha kushangaza bila kutiwa chumvi.

Theluji ilirudi Aïn Séfra Januari 2021, safari hii nyembamba, kama utando juu ya mawimbi ya mchanga. Mimi nilikuwa mbali. Rafiki yangu alikwenda peke yake na simu yake, na picha alizonitumia zote zilipigwa jua limeshapanda, mchanga na barafu vikipokezana mistari. Moja ilikuwa bora kuliko zangu zote, na nilimwandikia palepale kumwomba faili lake la asili, kwa kuwa lililonifikia lilikuwa limebanwa mno na mtandao. Akajibu kwamba amekwisha kulifuta. Simu ilikuwa imejaa.