Volti Nne Zilizopotea Njiani

Gari langu ni Peugeot 504 ya mwaka 1982, gari ambalo watu wengi hapa Mombasa hulijua kwa jina la Pijo tu, na ambalo wazee wa mtaani kwetu Tudor bado hulisifu kwa ushindi wake katika Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Sifa hizo hazikunifaa kitu Jumamosi moja ya msimu wa kusi, nilipotaka kwenda sokoni Kongowea mapema kabla ya jua kali. Nilizungusha ufunguo, stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ikaguna, ikazungusha injini polepole kama mtu anayesukuma kabati zito, kisha ikasimama. Nilipojaribu mara ya pili nilisikia "tak" moja tu, halafu kimya.

Gari linalokataa kuwaka halikosi washauri. Mzee jirani yangu, aliyeendesha teksi miaka mingi, alisema, "Mwanangu, hiyo betri imekufa." Kijana mmoja anayejifunza kazi gereji akapinga kwa adabu, "Hapana, ami, hiyo ni stata." Mjadala ule ulichukua karibu saa nzima, na wakati wote huo mimi nilikuwa nimeacha ufunguo ukiwa umewashwa, jambo ambalo nitalirejea kwa sababu lilinigharimu. Mwishowe tulilisukuma gari hadi mwisho wa barabara, nikatia gia ya pili na kuachia klachi, lakini halikuwaka.

Nakiri kwamba ishara mbili za maana zilikuwa mbele ya macho yangu na nikazipuuza. Ya kwanza ni kwamba taa za mbele hazikufifia sana nilipopiga stata, ilhali betri iliyokufa hushindwa kabisa kubeba taa na stata kwa pamoja. Ya pili ni kwamba nilipoushika mpini wa choki, ule unaovutwa kwenye dashibodi injini ikiwa baridi, niliukuta wa moto, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilidhani ni uzee tu. Badala ya kupima, nilikwenda mjini nikanunua stata iliyofanyiwa ukarabati, nikaifunga jioni ile ile, na gari likaguna vile vile. Mwenye duka alikataa kuipokea tena, kwa hoja kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudi.

Jumapili niliazima mita ya kupimia volti, na hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.5, wakati betri iliyojaa vizuri husoma takriban 12.6, kwa hiyo mzee hakuwa na haki ya kuilaumu. Kisha niliuchomoa waya mkubwa wa katikati ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, na kuufunga kwenye chuma cha injini ili gari lisije likawaka mikononi mwangu, nikalitoa kwenye gia, nikavuta breki ya mkono, na kumwomba kijana apige stata huku mimi nikipima. Betri ilishuka hadi 11.9 tu. Kati ya kichwa chanya cha betri na skrubu kubwa ya stata ilipotea volti 0.3, kiasi kinachovumilika. Lakini nilipoweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ambapo panapaswa kusomeka sehemu ndogo tu ya volti moja, mita ilisoma 4.1. Stata, ile mpya na bila shaka ile ya zamani pia, ilikuwa ikifanya kazi kwa volti saba na nusu.

Watu wengi hawaoni kwamba umeme unaotoka betri lazima urudi betri. Katika gari langu waya hasi umefungwa kwenye bodi, na waya mwingine wa kusuka, ambao mafundi huuita waya wa ethi, huunganisha bodi na injini, kwa kuwa injini imekaa juu ya mipira isiyopitisha umeme. Waya huo ukioza, taa ya kupimia haitakuambia kitu. Ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.04 hauizuii balbu ya wati 21, inayotumia chini ya ampia mbili, kwa maana kinachopotea hapo hakifiki hata sehemu ya kumi ya volti. Stata ikivuta ampia 100 kupitia njia hiyo hiyo, volti nne zinaishia njiani na kugeuka joto. Umeme ukibanwa namna hiyo hutafuta mlango mwingine, na mlango ulioupata ulikuwa waya wa choki, unaotoka dashibodi hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ndiyo maana mpini ulikuwa wa moto.

Ili kuthibitisha, nilichukua waya mmoja wa jampa, nikaufunga kutoka kichwa hasi cha betri moja kwa moja hadi kwenye injini, na stata ikazunguka kwa kasi ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima. Jaribio hilo halichukui hata dakika mbili wala halihitaji mita, na ningelifanya kabla ya kwenda dukani ningebaki na pesa zangu mfukoni.

Niliutoa kwanza waya hasi wa betri, kisha nikaufungua ule wa ethi chini ya gari. Kwa nje ulionekana mzima, ila ulipokunjwa ulimwaga unga wa kijani, na nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimekatika. Sisi tunaoishi karibu na maji tunajua upepo wa chumvi unavyokula mabati na madirisha, lakini tunasahau kwamba hupenya hata ndani ya nyaya. Nilitengenezewa waya mpya mnene wa milimita mraba 35, nikakwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, nikakaza nati, na baada ya kukaza, si kabla, nikapaka grisi juu yake. Kipimo kilishuka hadi volti 0.15.

Stata sasa ilizunguka vizuri, lakini injini haikuwaka, na kosa hili la pili nililitengeneza mwenyewe. Nilipouweka waya mkubwa wa koili, kifaa kinachopandisha volti ili zitoe cheche, milimita chache kutoka kwenye chuma, cheche ilikuwa ya manjano na dhaifu, ilhali cheche yenye nguvu huwa ya buluu. Nilifungua kifuniko cha distributa nikakuta pointi, swichi ndogo inayokata na kurudisha umeme wa koili, zimeungua. Gari lilikuwa limesimama pointi zikiwa zimefungana, na ufunguo niliouacha umewashwa wakati wa mjadala uliruhusu umeme kupita humo karibu saa nzima bila kukatwa. Bila shaka ndiyo sababu hata kulisukuma hakukusaidia. Koili yenyewe ilinusurika, kwani ilisoma omu 3.2, kiwango cha kawaida. Nilibadilisha pointi pamoja na kondensa, kifaa kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi, kwa kuwa kondensa mbovu huziunguza pointi mpya upesi, nikaweka nafasi ya milimita 0.4, nikarudisha kifuniko. Injini iliwaka kabla stata haijakamilisha mzunguko wa tatu.

Stata ya zamani niliisafisha na kuirudisha mahali pake, nayo inafanya kazi hadi leo. Ile niliyoinunua imo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kilichobaki ni waya wa choki, ambao ala yake ya plastiki iliyeyuka na kuung'ang'ania waya wa ndani. Bado sijapata unaolingana na wake, kwa hiyo asubuhi zenye mvua hufungua boneti na kuivuta choki kwa koleo, huku yule mzee akinitazama kutoka barazani kwake na kuniuliza kama betri imenizingua tena.