Mawe ya Gilgali na Sanduku la Bibi

Somo: Yoshua 4:1–9, 19–24

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Taifa zima la Israeli lilipokwisha kuvuka mto Yordani, watu 12, mmoja wa kila kabila, waliagizwa warudi katikati ya mto, pale makuhani walipokuwa wamesimama na sanduku la agano. Kila mmoja ajitwike jiwe begani. Mawe hayo Yoshua akayasimamisha Gilgali. Hayakuwa vito, yalikuwa mawe ya mtoni tu, ambayo mpita njia asingeyatazama mara mbili. Lakini kusudi lake limeandikwa waziwazi: siku moja watoto watauliza mawe haya yana maana gani, na wazazi wawe na la kuwajibu.

Nimeyatafakari sana mawe hayo nikiwafikiria wanaofungua masanduku ya babu na bibi zao. Chini ya kitanda au juu ya kabati hutoka sarafu zisizotumika tena, barua zilizofungwa kwa uzi, stempu, saa iliyokwisha kusimama, picha za watu ambao hakuna anayewajua. Swali la kwanza midomoni mwetu huwa ni bei: hii inaweza kuuzwa shilingi ngapi? Si dhambi kuuliza. (Ila usiisugue sarafu ya kale ili ing'ae, kwa wakusanyaji, kung'arishwa kunaishusha thamani.) Kinachonihuzunisha ni kwamba mara nyingi swali huishia hapo, na mwenye jibu la lile swali jingine, swali la Gilgali, yuko chumba cha pili, bado anapumua.

Niliwahi kuishika Biblia ya bibi yangu. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na majina ya watoto wake na tarehe zao, kila jina kwa wino wake, maana waliandikwa kadiri walivyozaliwa. Jina moja lilikuwa na tarehe mbili zilizokaribiana mno, ya kuzaliwa na ya kufa. Hatukuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Nilipofika Zaburi ya 121 nikakuta alama ya penseli pembeni, na karatasi ya pale imelegea kwa kushikwashikwa. Nikamwuliza. Alinyamaza kwanza, kisha akanieleza ule mwaka wote: jinsi alivyoshindwa kuomba, na jinsi alivyoisoma zaburi hiyo kila jioni kwa sababu hakuwa na maneno yake mwenyewe. Ndugu zangu, nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya zaburi hiyo. Siku hiyo ndipo niliposikia ushuhuda wake.

Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani hiyo hakuiokota njiani, alikabidhiwa nyumbani. Na katika waraka huohuo, Paulo aliye kifungoni anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume yule anajua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, na bado anataka vitu vyake. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusafisha nyumba za wazee na kuita vitu vyao takataka huku wao wenyewe wakitutazama. Waachwe navyo. Tukae nao, wavishike mkononi wakituhadithia.

Lakini pia kuna onyo. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa jangwani alikuwa kumbukumbu halali kabisa ya wokovu. Vizazi vingi baadaye, mfalme Hezekia alimkuta watu wakimfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande. Kitu cha babu kikianza kuogopwa, kuombwa au kugombaniwa na ndugu hadi wasisalimiane, kimeacha kumshuhudia Mungu. Afadhali kipotee kuliko undugu upotee.

Najua pia wapo kati yenu wasio na chochote cha kufungua. Nyumba iliungua, au vita viliwatawanya, au wazee waliondoka kabla hamjawafahamu. Kwenu nalileta kopo la mana. Mungu aliagiza pishi moja ihifadhiwe ili vizazi vijavyo vikione chakula cha jangwani, mana ileile iliyokuwa ikitoa mabuu ikilazwa hadi asubuhi. Waebrania 9:4 inalitaja miongoni mwa vitu vya sanduku la agano. Hata hivyo, Sulemani alipoliingiza sanduku hilo hekaluni, ndani yake hamkuwa na kitu ila mbao mbili za mawe zenye amri za Mungu. Kopo halikuwamo tena, na Israeli iliendelea kulishwa.

Juma hili, mwenye mzee amtembelee. Chukua kitu kimoja tu, mwombe akueleze kimetoka wapi na Mungu alimtendea nini siku zile, kisha uandike. Kama ni picha, andika majina nyuma, pembezoni, kwa penseli laini, kwa maana wino huweza kupenya hadi mbele.

Tuombe. Ee Mungu wa babu na bibi zetu, asante kwa machozi yao uliyoyaona nasi hatukuyaona. Walegeze ndimi wakumbuke matendo yako. Utupe sisi subira ya kuwasikiliza, hata hadithi ikirudiwa. Wafiwa na waliopoteza vyote, uwe Wewe urithi wao. Kwa jina la Yesu, Amina.