Treni inakuja saa ngapi?

Tumerudi sasa hivi kutoka stesheni ya Grunewald, hapa Berlin. Watoto wamelala kwenye sofa na soksi zao.

Niliwaambia tunakwenda kuona reli. Si uongo. Kuanzia Oktoba 1941 treni ziliwachukua Wayahudi wa mji huu kutoka pale, zikawapeleka kwenye mageto na kambi za Wanazi, ambako wengi waliuawa: Lodz, Riga, Theresienstadt, Auschwitz. Leo ukingo wa jukwaa la 17 umetandikwa mabamba 186 ya chuma. Kila bamba lina tarehe, idadi ya watu na mwisho wa safari.

Mdogo anapenda treni kuliko chakula.
"Mama, treni inakuja saa ngapi?"
Nikamwonyesha miti iliyoota katikati ya reli. Haiji tena, baba.

Dada yake akawa anasoma namba kwa sauti. Mia moja. Mia moja tena. Elfu na kitu.
Akasimama.
"Na watoto wamo humu?"
Wamo.
"Walikata tiketi?"

Hapo nikanyamaza. Maana jibu nalijua: shirika la reli la wakati ule lilitoza nauli kwa kila kichwa, watoto nusu nauli. Yaani mtu kaketi ofisini, kapanga bei! Sikumwambia. Ana miaka saba, jamani.

Hiyo nusu nauli imenikaa kooni mpaka saa hii.

Nyie mliowapeleka wenu sehemu kama hizi, hata wale wa Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari kule Kigali, mliwaeleza nini, na mkaishia wapi?