Mama mmoja, mafaili matatu

Ilikua 2017, mimi karani wa takwimu kwenye hospitali moja huku kanda ya ziwa. Kazi yangu ni kukusanya wagonjwa wa kansa kutoka kwenye marejista ya wodi, kliniki na maabara afu nawaingiza kwenye CanReg5, programu ya bure inayotolewa na wakala wa utafiti wa kansa wa WHO ulioko Lyon, Ufaransa. Kompyuta ilikua moja, umeme ukikatika unaendelea kwa mkono kwenye kaunta buku.

Siku hiyo naingiza kesi za shingo ya kizazi, zile zinazoandikwa kwa msimbo C53, nikaandika namba ya bayopsi, kile kipimo cha kinyama kinachokatwa na kupimwa maabara, nikahisi kama nimeshaiandika. Nikarudi nyuma, kweli ipo, ila jina ni la mtu mwingine. Nikashuka masijala kutafuta faili nikapata la pili, na chini kabisa kwenye rundo lisilopangwa nikapata la tatu, namba ya bayopsi ni ile ile. Majina matatu tofauti, umri 47, 50 na 52, na tarehe za kuzaliwa zote ni 01/01 ila miaka tofauti, maana mgonjwa akisema hajui tarehe karani anajaza hiyo basi. Programu ina sehemu ya kutafuta watu waliojirudia, inalinganisha majina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, sasa kama majina na miaka vyote havifanani itamjuaje?

Faili la tatu lilionyesha anarudi kliniki Alhamisi. Nikaenda mapema, nikamkuta kwenye benchi amejitanda kitenge, ameshika mfuko wa rambo una kadi zake zote tatu, hata kona hazijakunjika. Nikamwamkia shikamoo mama, nikaomba nizione.

"Mwanangu, hao wote ni mimi."

Akanieleza taratibu. Mara ya kwanza aliletwa na mumewe, likaandikwa jina la mume. Mara ya pili kaja na kaka yake, kadi kaisahau nyumbani, akafunguliwa nyingine kwa jina la baba yao. Mara ya tatu kaja na jirani, alipoulizwa anaitwa nani akajibu mama fulani, maana kijijini ndo anavyoitwa tangu azae, na karani akaandika hivyo hivyo.

Nilirudi ofisini nikafungua tena yale mafaili nikakaa nayo muda mrefu. Kwenye kompyuta huyu ni wagonjwa watatu, wawili wameandikwa hawajaonekana tena, kwa hiyo mtu akipiga hesabu ya wangapi bado wako hai atakua anahesabu watu ambao hawapo. Ila kilichoniuma zaidi ni hatua ya ugonjwa. Faili la kwanza hatua ya pili, la tatu hatua ya tatu. Yaani ugonjwa umesogea kwa mtu mmoja huku anazunguka kwetu, na kwenye data zetu hilo halionekani popote, wanaonekana wanawake watatu na kila mmoja kaja kivyake. Mtafiti angesema wanachelewa kuja hospitali. Huyu hakuchelewa! Alikuja mapema, sisi ndo tulimpoteza.

Baada ya hapo tukaongeza vitu kwenye fomu, jina la mama mzazi, kijiji alichozaliwa sio anachoishi tu, namba ya simu ya ndugu, na kila kesi mpya tunaanza kuitafuta kwa namba ya maabara kabla ya jina. Mwaka uliofuata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya shingo ya kizazi, ikaanza nchi nzima kwa mabinti wa miaka 14 nikazidi kuona uzito wake, maana miaka ijayo tutajuaje kama kesi zimepungua wakati mama mmoja tunamhesabu mara tatu.

Kuunganisha zile rekodi ilibidi nichague jina moja libaki. Sikutaka kuchagua mimi. Nikasubiri kliniki yake nyingine nikamuuliza, mama tuandike lipi, akafikiri kidogo afu akatoa ile kadi ya pili kwenye mfuko akanipa.

"Andika la baba yangu."