Jumamosi ya karani wa parokia, Dodoma

Saa 11 alfajiri nakinga maji. Oktoba hapa Dodoma ni jua, upepo na vumbi, na bomba likitoa maji usiku hulali ukaliacha. Kengele ya Malaika wa Bwana inagongwa saa 12, ndoo ya tatu haijajaa.

Saa 12:30 niko jumuiyani, yaani kwenye sala za waumini wa mtaa wetu, leo kwa jirani yangu mwalimu. Ni mwezi wa Rozari, kwa hiyo tunaanza na Rozari ndipo tusome Injili ya kesho. Tangu serikali ihamie huku kwa kishindo mwaka 2016, jumuiya yetu imejaa wageni: Wahaya, Wachaga, Wangoni, Wafipa. Kila mmoja anaimba kiitikio kwa mahadhi ya kwao, na katikati yao mama wa Kigogo anawavuta wote kwa sauti yake nyembamba. Mwenyekiti anaandika mahudhurio. Watu wanalidharau lile daftari mpaka wapate mtoto wa kubatiza.

Saa 3 nafungua ofisi. Stakabadhi za zaka, sadaka za Misa, nia kumi na moja, nane kati yake za marehemu. Anaingia kijana nadhifu, anataka mwanawe abatizwe wiki ijayo. Namuuliza jumuiya yake. Kimya. Namuuliza anakaa mtaa gani, namwandikia namba ya mwenyekiti wa huko. Ameondoka amenuna. Sipendi kazi hiyo, ila padre hawezi kuzijua familia zote kwa sura, na siku kijana huyu akifiwa ni wale wale wa jumuiya watakaokuja kuwasha moto uani kwake.

Saa 4:30 ndipo siku ilipoanza hasa. Bibi mmoja kutoka kigango cha mbali, tawi la parokia yetu, fimbo mkononi, na mzee wake nyuma.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, bibi. Karibu ukae."

Wameishi pamoja miaka zaidi ya arobaini, mahari ya ng'ombe ililipwa zamani, lakini ndoa ya kanisani hawajafunga. Mafundisho wamemaliza kwa katekista wao. Mzee ana cheti chake cha ubatizo, kakikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi hana kitu. Anachojua ni kwamba alibatizwa hapa akiwa mtoto wa mgongoni, jina Sesilia.

Nilishusha daftari la miaka ya hamsini, lile lenye jalada linalomeguka ukiligusa. Faharasa, herufi S: hamna. Nikapitia upya kwa kidole, jina kwa jina. Hamna. Bibi ananitazama tu. Nikaanza kumwuliza kama hakubatizwa parokia nyingine, akakataa kwa kichwa. "Mama yangu hakuwa mwongo, mjukuu wangu."

Nikaona haya. Halafu nikakumbuka: enzi zile wamisionari waliandika kwa Kilatini. Yohana ni Ioannes, Yosefu ni Iosephus. Nikafungua herufi C, na yumo: Caecilia, mwaka 1956, wino wa bluu uliogeuka kahawia, jina la baba likiwa limeandikwa kwa masikio ya Mtaliano. Nilipomsomea la mama yake, bibi alilitaja pamoja nami. Pembeni pana nafasi ya kipaimara, imejazwa. Nafasi ya ndoa ni nyeupe.

Paroko alikuja, akawahoji mmoja mmoja kama sheria inavyotaka, akatoka anatabasamu.

Saa 8 kuna harusi, matarumbeta na vumbi. Sikuiona, nilikuwa natafuta kalamu ya kusainia mashahidi, ambayo hupotea kila harusi.

Saa 10 naandika matangazo ya kesho. WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, wabaki baada ya Misa ya pili. Zamu ya usafi ni jumuiya tatu za kanda ya juu. Kisha tangazo la kwanza la ndoa ya bibi na mzee wake, na chini yake maneno ya siku zote: anayejua kizuizi chochote amwone paroko. Nikacheka peke yangu. Wajukuu wao ni tisa, na bibi ameniambia wote watakuja kusikiliza.

Nikabonyeza kuchapa. Umeme ukakatika. Nikatoa karatasi na kalamu, nikaanza upya kwa mkono, jina lake nikiliandika Sesilia.