Umenikata miguu

Kamera yetu ni moja na sisi ni wanne: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha sekondari akarudi kwao Tukuyu, dada fundi cherehani wa Mwanjelwa hapa Mbeya, mdogo wetu wa bajaji anayepaki Mafiati, na mimi, muuza dawa wa Uyole. Tulifahamiana kwenye studio moja ya picha. Kila mtu alikuwa amekuja na simu yake kusafisha picha, na picha zenyewe zilikuwa za mawingu, mlima Loleza alfajiri, mvua ikimwagika kwenye bati. Mwenye studio akauliza, "Hizi hazina mtu ndani yake, nisafishe kweli?" Tukageuka kutazamana, watu wanne tusiojuana, tukaanza kucheka.

Mwaka 2021 tulichanga shilingi 80,000 kila mmoja, tukanunua Canon 1100D iliyotumika kutoka kwa mpigapicha wa harusi aliyekuwa anahamia kamera kubwa. Ni toleo la mwaka 2011, megapikseli 12, na lenzi yake ni ile ya 18-55 inayouzwa pamoja nayo. Watu wananiuliza kwa nini kila mmoja asitafute yake. Hela ni sababu, sikatai. Lakini hata hela ikipatikana nitapinga.

Kila mmoja hukaa nayo wiki moja, na Jumapili jioni inahamia kwa mwingine. Tukitoka pamoja tunapokezana, na kila mtu ana picha 36 tu. Hesabu hiyo ni ya Mwalimu. Enzi zake alikuwa na Yashica, na mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 36. Kwa mshahara wa ualimu hupigi hovyo, maana unalipia mkanda, halafu unalipia tena kuusafisha. Kadi yetu inabeba picha maelfu, lakini tunaandika kwenye daftari namba ya faili ya kwanza, na ukifika ya 36 unampa mwenzako. Kufuta njiani ni marufuku. Mwanzoni nilikuwa namaliza zangu kabla hatujafika tunakokwenda. Siku hizi narudi nimebakiza tano au sita.

Na nikuambie, muda ambao kamera iko kwa mwingine ndio ninaoona zaidi. Nikimkuta dada amechutama kando ya mtaro najiuliza ameona nini pale, nachutama na mimi. Yeye huona kitambaa popote alipo: mkunjo, pindo, rangi mbili zisizopatana. Mdogo wetu huona mwendo, anajua pikipiki itatokea uchochoro gani kabla haijatokea. Mwalimu alifundisha jiografia, basi kwake kila kitu ni miinuko na mabonde, hata meza iliyopangwa nyanya. Mimi naona mikono. Nadhani ni kazi ya kaunta, siku nzima mikono inapita mbele yangu kupokea vidonge. Jumapili tunapotazama picha kwenye kompyuta ya dada, kila mtu anatakiwa kuzungumzia picha ya mwenzake, si yake. Hapo ndipo urafiki wetu ulipokomaa.

Masika ya mwaka jana nusura tuipoteze. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana nchini, na ilikuwa wiki ya Mwalimu. Aliiweka kwenye begi la ngozi, begi akaliweka kabatini, kuta zenyewe zinatoka jasho. Ilipofika kwangu picha zilikuwa zimepauka kama zimepigwa kupitia kioo cha dirisha chenye mvuke. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu. Nyuma ya kioo cha mbele kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa na kugawanyika kama mizizi ya mche. Kuvu. Hupenda unyevu na giza, na ukiichelewesha inakula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hapo alama haitoki tena. Fundi wa kwanza alisema tutupe. Wa pili aliifungua, akasafisha, akaturudishia ikiwa imepungua skrubu moja, na pete ya lenzi ya kuvuta picha iwe karibu ni nzito hadi leo. Mwalimu alitaka kulipa peke yake. Tulikataa, tukachanga kama tulivyonunua.

Kilichoniuma ni kwamba kinga ilikuwa dukani kwangu muda wote. Makopo ya vidonge 1,000 huja na kifuko kidogo cha silika jeli cha kunyonya unyevu, na mimi vidonge vikiisha nilikuwa natupa vifuko hivyo pamoja na makopo. Sasa navikusanya. Kamera inalala kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, vifuko kumi na kitu vimeizunguka, nami navibadilisha kila mwezi. Begi la ngozi tulimpa dada awekee mikasi.

Haya, sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Juni tulipanga kwenda Ziwa Ngosi. Mwezi wa sita jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, kwa hiyo Costa ilipotoka stendi ya Nane Nane bado ilikuwa giza na kila abiria amejifunika mpaka masikioni. Tulishuka Isongole ukungu umelala barabarani, lori linasikika kabla halijaonekana. Wauza viazi walikuwa wameshapanga mafungu yao kando ya lami. Zamu ilikuwa ya mdogo wetu.

Ukungu huidanganya kamera. Kipimo chake cha mwanga kinadhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu. Ikielekezwa kwenye weupe inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Ukungu unageuka moshi mchafu, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake anakuwa kivuli kisicho na macho. Kwenye kamera yetu unafinya kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa huku ukizungusha gurudumu mpaka isome +1, wakati mwingine na zaidi, yaani unaiambia iongeze mwanga. Flashi usiiguse, itamulika matone ya ukungu na picha itajaa madoa. Tulijifunza hili kwa kuharibu picha nyingi, na hadi leo nahuzunika nikiona picha za harusi ambazo gauni la bibi harusi linaonekana hadi uzi wa mwisho, lakini uso wake hauonekani. Siku yake kubwa, na sura yake haipo.

Mdogo wetu aliweka +1, akamsogelea mama mmoja aliyekuwa anafuta udongo kwenye viazi kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba mwanangu. Utaniletea?"

"Nitakuletea mama."

Alipiga karibu kabisa: uso, mtandio wa sufu umezungushwa shingoni, mvuke wa pumzi, na kidole gumba chenye udongo kimeshika kiazi kidogo. Mama anacheka nusu. Niliiona kwenye kioo cha kamera nikasema hatujawahi kupata picha kama hii tangu tununue. Bado nasema hivyo.

Ngosi yenyewe tulipanda kwa karibu saa mbili, msitu umelowa, mianzi na migomba pori, Mwalimu akitueleza kreta, lile shimo la volkano lenye ziwa ndani yake, huundwaje mpaka pumzi zikamwishia. Kule juu, zaidi ya mita 2,600, tulikuta weupe mtupu. Tukakaa. Ukungu ulifunguka mara moja tu, ziwa likaonekana chini kabisa, kijani, limetulia. Kamera alikuwa nayo Mwalimu. Alipiga nne, akamkabidhi dada kabla zamu yake haijaisha, "Piga na wewe, itafunga sasa hivi." Ikafunga dada akiwa kwenye ya tatu.

Baada ya wiki mbili tulirudi Isongole na picha ya mama, tumeisafisha vizuri, mdogo wetu ameibeba katikati ya daftari isikunjike. Mama alifuta mikono, akaipokea, akaitazama. Akaigeuza akatazama nyuma, kama kuna nyingine. Kisha akasema taratibu:

"Umenikata miguu."

Mdogo wetu akaanza kumweleza kwamba amesogea karibu ili uso uonekane vizuri, kwamba picha za namna hii ndizo zinazopendwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Uso nimeuona, mwanangu. Lakini mimi naamka saa tisa usiku, natembea na viazi kichwani mpaka hapa. Mtu akiiona hii atajuaje nilikuwa nimesimama? Na viazi vyangu viko wapi? Kimoja tu?"

Jirani yake wa fungu la pili alichungulia akaitikia, kweli, amekatwa.

Kwenye Costa ya kurudi mdogo wetu hakusema kitu mpaka tumekaribia Uyole. Mwalimu akaanza kusimulia picha za ujana wake: ulikuwa unaenda studio umevaa, unasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, mkono mmoja juu ya stuli yenye maua ya plastiki, na mpigapicha akikata viatu humlipi. Picha ilikuwa inatumwa kwa barua kwa shangazi na mjomba ili waone umekua, umenawiri, na viatu unavyo. Dada akasema kwake hilo halina mjadala, gauni bila pindo si gauni.

Mimi niko upande wa mama, na niliwaambia. Kila anayefundisha picha anasema sogea karibu, sogea karibu zaidi, na kwa mikono ninayoipenda mimi ni kweli. Lakini picha ile tulimwahidi mama, na tukampelekea tunayoipenda sisi. Jumapili zote tumekaa wanne tukipimana, hii ina mwanga, hii haina, na hakuna siku tuliyomuuliza mtu aliye ndani ya picha angependa aonekaneje. Kwenye kamera ya kugawana tulikuwa tumemsahau mwenye sura.

Julai tulirudi. Tulimkuta mama amejiandaa, maana tulimpelekea salamu kwa kondakta: kitenge kipya cha njano na bluu, mtandio uleule, viatu vya raba vyeupe vimeoshwa hadi kwenye soli. Alipanga mwenyewe mafungu matatu ya viazi mbele yake, makubwa juu. Akasimama wima, mikono pembeni, akaacha kucheka. Mdogo wetu alirudi nyuma hatua saba au nane, akapiga goti moja kwenye majani yenye umande ili lenzi iwe usawa wa kiuno chake, mama asionekane amebanwa na barabara. Alipiga 11 kati ya zake 36. Nilimwona anahesabu pumzi kabla ya kila moja.

Mama akaomba kuona. Aliweka kidole karibu na kioo cha kamera bila kukigusa, akateremka nacho: "Kichwa. Mikono. Viazi. Miguu." Akanyoosha mgongo. "Sawa. Ndaga." Yaani asante.

Hiyo tuliisafisha kubwa, saizi ya A4. Imefungwa kwenye nailoni na imening'inizwa kwenye mti nyuma ya mafungu yake. Ukipita Isongole kwa gari unaweza kuiona. Ile ya kwanza alimrudishia mdogo wetu, "Hii kaa nayo wewe, uliipenda," na sasa iko ndani ya bajaji, juu ya kioo.

Hela alikataa kusikia kwamba hatutaki, lakini mwisho tulikubaliana sado moja ya viazi. Tulivigawana palepale stendi. Mwalimu alichagua vidogo vidogo, anasema ndivyo vitamu kuchemsha na maganda. Ndoo ya kamera akaondoka nayo dada, wiki yake ilikuwa imeanza.